Mtoto Amekonda: Mwongozo wa Kumpokea Bibi

Siku bibi anaposhuka kwenye basi usimtazame usoni, tazama mikono. Kabla wajukuu hawajamaliza shikamoo, mikono hiyo imeshamshika mdogo wao kwapani, imemnyanyua, imemtikisa kidogo kama mtu anayepima debe la maharage gulioni, na hukumu imetoka: “Mbona mwepesi hivi? Mnamlisha nini huyu?”

Hukumu hiyo haina rufaa. Unaweza kuwa na kadi ya kliniki mfukoni, mstari unapanda vizuri kwenye kijani, hakuna mwezi ulioruka. Haisaidii. Muuguzi alitumia mizani. Bibi ametumia mikono iliyolea watoto saba, na mizani haijawahi kulea hata mmoja.

Mimi nimeshampokea mama yangu mara tano tangu nipate watoto. Anatoka milimani Same, upande wa tangawizi, anateremkia kituo cha Magufuli pale Mbezi, anakaa wiki tatu. Mara nne za mwanzo nilipigana. Nilishindwa zote, na nilishindwa vibaya: kwa hoja, kwa kununa, na mara moja kwa machozi ya mke wangu. Mara ya tano nikaamua kushindwa kwa mpango. Nakupa mpango wenyewe bure. Hautakupa ushindi. Anayekuahidi ushindi juu ya bibi ni ndugu yake yule anayeuza dawa ya kurefusha kimo. Utakupa wiki tatu za amani na, ukiwa mwepesi wa mkono, sifa kidogo.

Hatua ya kwanza: Ficha ushahidi

Fanya kazi hii Ijumaa usiku watoto wakiwa wamelala. Toa juisi za pakiti, soseji, biskuti za krimu, na zile tambi zinazoiva dakika tatu ambazo mnaapa kwamba mnakula “mara moja moja tu”. Usizifiche uvunguni, kwa maana bibi ataweka begi lake uvunguni. Usizifiche kwenye friji nyuma ya ndoo ya maharage, kwa maana friji ndilo faili la kwanza atakalofungua. Mimi natumia begi la suti ya harusi juu ya kabati la nguo. Suti ile haijanitosha tangu 2016, hakuna mwenye sababu ya kuligusa.

Sasa pandikiza ushahidi mpya. Dagaa kwenye chupa inayoonekana, mbele. Karanga. Boga sakafuni karibu na mlango, kama lililoachwa hapo kwa bahati. Fungu la matembele lenye umande, nunua asubuhi hiyo hiyo.

Usizidishe. Mwaka juzi nilipanga aina saba za unga kwenye rafu, kila moja na kibandiko chake. Mama akaingiza kidole kwenye ulezi, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. “Huu una wadudu. Mmeununua lini?” Ulikuwa ulezi wa maonyesho, uliobaki tangu ujio wake wa mwaka uliotangulia.

Kuhusu unga, jambo moja tena. Kama una kile kiroba cha unga wa lishe chenye mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele, ulezi, soya, karanga na mbegu za maboga, kifiche pamoja na tambi. Mama alisoma orodha ile kwa sauti hadi mwisho, akakirudisha kiroba mezani. “Huu si unga,” akasema, “huu ni mkutano wa hadhara.” Inauma zaidi kwa sababu wataalamu wengi wa lishe siku hizi wako upande wake: chagua nafaka moja, ongeza karanga au maziwa, basi.

Hatua ya pili: Usidanganye kwenye mayai

Najua utajaribu. Kila mtu hujaribu. Utanunua trei ya mayai ya kisasa, utaweka matano ya kienyeji juu yake kwenye kikapu, na utakaanga yale ya chini.

Bibi hahitaji maabara. Anatazama kiini. Ukimwambia kwamba rangi ya kiini inatokana na alichokula kuku, kwamba akidonoa majani na mahindi ya njano kiini kinakolea, na kwamba ukiondoa rangi hakuna tofauti kubwa kati ya yai na yai, utakuwa umesema kweli tupu, na utakuwa umepoteza asubuhi nzima. Jirani yangu mmoja alinishauri nikoroge mayai na binzari ya manjano, ncha ya kijiko tu. Nilijaribu. Mama alikula, akafuta mdomo, akauliza kwa upole kuku huyu alikuwa akilishwa mchuzi.

Na kuku wenyewe ni hivyo hivyo. Kwake kuku wa kisasa ni mkate wenye mifupa. Atakuja na wake kwenye boksi lenye matundu, mzima, na watoto watampa jina kabla ya saa tisa alasiri. Hilo nalo litakuwa tatizo lako.

Hatua ya tatu: Jifunze majibu mawili, usahau mengine yote

Jibu la kwanza ni “Ndiyo, mama.” Liseme ukiwa unafanya kitu kingine kwa mikono: unafuta meza, unakunja nguo. “Ndiyo, mama” ya mtu aliyekaa imekaa kama ubishi.

Jibu la pili ni swali: “Kwani sisi ulitulishaje?” Swali hili lina thamani ya dakika 40. Litaanzia kwenye ng'ombe wa babu yako aliyeitwa jina la mkoloni fulani, litapita kwenye magimbi, litafika mwaka ulioumwa surua, na mtoto atakuwa ameshamaliza mkate wake na siagi bila mtu kumtazama.

Majibu ya kusahau ni mengi, ila matatu ndiyo yanayoua watu. “Daktari kasema” ni kosa la wanaoanza. Utaulizwa daktari huyo ana watoto wangapi. Daktari wetu hakuwa na mtoto hata mmoja, na kwa ujinga wangu nikasema. “Basi mwambie aje nimfundishe.” La pili ni “nimesoma kwenye intaneti”, ambalo kwa bibi ni sawa na kusema umeokota barabarani.

La tatu ni takwimu. Hili nilidhani litafanya kazi, kwa sababu mama ni mwalimu mstaafu na huheshimu namba. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mashavu si kipimo. Kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba Iringa, mkoa unaolisha wengine mahindi, ulikuwa na zaidi ya nusu. Kwa hiyo tatizo si unene, mama, ni kimo, ni mchanganyiko wa chakula, mtoto anaweza kushiba ugali kila siku na bado akadumaa. Aliniacha nimalize. Akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

“Ndiyo maana nimekuja,” akasema.

Hatua ya nne: Kijiko cha sukari

Hapa punguza mwendo, maana hapa ndipo wazazi wengi wa mjini hupasuka.

Bibi yule yule aliyeitupia jicho juisi ya pakiti kana kwamba ni sumu ya panya atakaa na mjukuu wa miaka minne saa moja asubuhi, atammiminia chai, na atatia sukari. Kimoja. Viwili. Atakoroga, ataonja, atatikisa kichwa. Cha tatu. Cha nne, na hiki cha nne kina kilima. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi sehemu ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwenye chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Kwa mtoto wa umri huo, hiyo nusu ni kama vijiko vinne vya chai. Mgao wa siku nzima umekwisha na jua halijafika dirishani.

Ukiwa na haraka utasema ni unafiki. Mimi nilisema, mwaka wa kwanza, na sirudii.

Hesabu miaka. Mama aliolewa wakati ambapo unga uliokuwepo ulikuwa wa mahindi ya njano ya msaada, ule walioupa jina la Yanga kwa rangi yake. Alizaa wa kwanza wakati wa vita ya Kagera. Mwaka 1983, serikali ilipokuwa ikiwasaka wahujumu uchumi na walanguzi, yeye alikuwa na watoto watatu na zamu kwenye foleni ya duka la ushirika, na foleni ile haikukuahidi kitu. Ukiamka saa kumi usiku unaweza kurudi na kilo moja ya sukari kwa mwezi, au kipande cha sabuni, au habari kwamba gari halikuja. Kilo ile ilifungwa kwenye kitambaa, ikawekwa kwenye sanduku, sanduku likafungwa kwa ufunguo, ufunguo ukakaa shingoni. Chai yetu ilikuwa ya tangawizi na chumvi. Sukari ilikuwa ya mgonjwa na mgeni. Nakumbuka kaka yangu akijifanya anaumwa tumbo.

Mwanamke aliyelala na ufunguo huo shingoni sasa amekaa kwenye meza yako, mbele yake bakuli la sukari halina hata kifuniko, na wewe unamwambia apunguze. Jaribu kujisikiliza.

Sasa usilie, tudanganye. Badilisha kijiko. Weka kwenye bakuli la sukari kijiko kidogo kabisa ulicho nacho, na ufiche vingine vyote. Bibi anahesabu vijiko, hapimi gramu. Vinne vitabaki vinne. Pili, chai isogee. Chai ikinywewa pamoja na chakula inauzuia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na mboga, kwa hiyo ifanye iwe ya saa kumi jioni, na iite “chai ya bibi”. Mpe sherehe na vikombe vya wageni. Hakuna bibi anayekataa kitu chenye jina lake.

Hatua ya tano: Mpe jiko, ukae njiani

Siku ya tatu, kabla hajaomba, mwambie: “Mama, watoto wanaulizia makande yako.” Hawajaulizia. Hawajui hata yalivyo. Sema hivyo hivyo.

Utaona mtu akikua sentimita tano. Mahindi yaliyokobolewa aliyokuja nayo kwenye kiroba yatalowekwa usiku huo. Asubuhi atakagua visu vyako, ataona aibu kwa niaba yako, na atatoa kwenye begi kinoo alichokileta kutoka nyumbani, jiwe jeusi la ukubwa wa kiganja, zito kuliko linavyoonekana. Atanoa kila kisu ndani ya nyumba, pamoja na cha kupakia siagi. Kisha atauliza mkaa uko wapi. Usimwambie kuna gesi. Makande ya kuchemka saa tatu nzima yatamaliza mtungi, na kila dakika atasema moto huu hauna nguvu. Nunua mkaa. Ni gharama ya diplomasia.

Tatizo linakuja saa moja usiku: watoto wako hawali makande. Wamezoea vitu laini, vitu vyenye nyekundu ya kopo juu yake. Mkubwa atasema “Mimi sipendi” mbele ya bibi, na neno hilo litasafiri hadi Same, litakaa kwenye vikao vya ukoo miaka miwili.

Dawa ni njaa. Kuanzia saa tisa alasiri siku hiyo usitoe kitu chochote. Hakuna biskuti, hakuna ndizi, hakuna “kidogo tu”. Wapeleke uwanjani wakimbie. Warudishe wakiwa na vumbi hadi kope. Saa moja na robo sufuria itafunguliwa, na watakula makande kama askari waliotoka mafunzoni, na bibi atakutazama wewe juu ya vichwa vyao bila kusema neno. Pokea jicho lile. Inamisha kichwa. Usimwambie kamwe kuhusu saa tisa.

(Kati yetu: alikuwa sahihi. Mahindi peke yake yana upungufu fulani wa protini ambao maharage hujazia, na maharage yana wake ambao mahindi hujazia. Sufuria moja imelimaliza somo ambalo mimi nilinunua kitabu kulisoma. Na togwa lake, usibishane nalo kabisa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walikuwa wakikihubiri kimea kile kile anachokausha yeye kwenye ungo: kinalainisha uji mzito, mtoto anapata nafaka nyingi kwenye kikombe kidogo. Na uchachu wake, watafiti wa hapa hapa nchini waliona, unawanyima nafasi vijidudu vya kuharisha. Watoto wangu wanaliita soda ya bibi. Mimi najifanya sijui wanazungumzia nini.)

Hatua ya sita: Kama una mtoto mchanga

Hapa acha michezo. Kabla ya miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Hakuna uji mwepesi wa “kumshikisha”, hakuna maji ya sukari ya kumtuliza tumbo, na asali ingoje hadi atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho tumbo la mchanga haliwezi kupambana nacho. Hapa hakuna kijiko kidogo wala jina la heshima. Ni hapana.

Lakini hapana tupu ikimwangukia bibi ina kelele. Kwa hiyo geuza chungu. Mtoto anakula kupitia kwa mama yake, sivyo? Basi alishwe mama yake. “Mama, mtoto analia kwa sababu maziwa hayatoshi. Mpikie mwenzangu.” Kitinda mimba wetu alipokuwa mchanga, mke wangu alikunywa uji wa pilipili manga asubuhi, mtori mchana, supu ya yule kuku wa boksi jioni (watoto waliambiwa amerudi kijijini), na bibi akawa na kazi ya kutwa isiyomgusa mtoto hata kwa ncha ya kidole. Baada ya siku tisa mke wangu alininong'oneza kwamba ananichukia. Baada ya siku kumi na mbili aliomba mtori mwenyewe.

Hatua ya saba: Wewe uliye katikati

Ibara hii ni ya wanaume ambao mama ni wao na mke ni wao. Wengine ruka.

Utasikia maneno yakipita hewani bila anwani. “Sijui siku hizi watu wanapika nini.” Yanaonekana yanakwenda kwenye pazia, lakini yanatua kwa mke wako, aliye jikoni na masikio mawili. Usipoyadaka, utalala ukutani mwezi mzima. Ukiyadaka vibaya ni balaa jingine.

Mimi niliyadaka vibaya. Nilisema kwa ushujaa, “Mama, leo nimepika mimi.” Nilidhani nimejitwisha lawama. Kumbe nimewasha moto. Mama hakunilaumu. Alinihurumia. Alinitazama mikono yangu, akaitazama suruali yangu ilivyokuwa ikining'inia, na jioni ile akampigia dada yangu simu kwa lugha ya nyumbani, taratibu, kama anayetangaza msiba.

Sema hivi: “Mama, nilinunua mimi.” Kununua vibaya ni dhambi ya kiume inayojulikana, baba yako aliifanya, babu yako aliifanya. Utasemwa dakika mbili, ataongeza kisa cha baba yako na samaki waliooza wa mwaka fulani, na mke wako atacheka jikoni kimya kimya. Cheko hilo ndilo malipo yako, usitafute mengine.

Hatua ya nane: Mpelelezi

Umeficha tambi, umepanga dagaa, umemnunulia mkaa. Umesahau kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mwenye miaka minne asiye na siri.

“Bibi, Jumapili tulikula chipsi. Na soda. Na baba alisema tusikwambie.”

Usimtishe. Usimhonge pia, kwa sababu ataongeza bei. Mtoto akishagundua kwamba kuna mamlaka mbili za chakula zisizoelewana, anageuka kuwa nchi ndogo kati ya mataifa mawili makubwa na anapokea misaada ya pande zote. Kwa bibi atalalamika kwamba hashibi, apewe mandazi. Kwako atalalamika kwamba mandazi yamemkinaisha, apewe kitu kitamu. Wiki ya pili niliorodhesha: mtu yule alikuwa akila mara saba kwa siku, na kila mlo ulikuwa na sababu ya kisiasa.

Kinachosaidia ni kumpa siri ya bibi aitunze. Mwambie: “Usimwambie bibi kwamba tunajua anakupa mandazi.” Atakwenda moja kwa moja. Bibi atashikwa na haya kidogo, nawe utashikwa na haya kidogo, na watu wawili wenye haya hawagombani.

Hatua ya mwisho: Mizani

Nimekuficha jambo. Pale kituoni, siku ya kupokea, mama hakuridhika na mikono yake. Alimwona yule kijana mwenye mizani ya kusimamia, yenye spika inayokaribisha watu wapime uzito na urefu, inayorudia na kurudia hadi abiria wanaijua kwa moyo. Akampandisha kitinda mimba wangu, na singlendi yake na kaptula yake. Kilo 15.8. Mama akaniambia niiandike. Niliiandika kwenye simu, kama karani wa mahakama.

Maana yake ni kwamba siku ya kuondoka atapimwa tena, na namba ile ndiyo itakayosafiri naye. Ikiwa imepanda, yeye ameokoa mtoto, nawe umekuwa kijana msikivu. Ikiwa imebaki pale pale, makosa ni yako, na atarudi mapema. Wiki tatu hazimnenepeshi mtoto mwenye afya anayekimbia kutwa nzima, hata ukimpa mandazi ya dunia. Kwa hiyo saidia.

Alfajiri ya safari mama alimvalisha mjukuu jaketi. Dar es Salaam, Machi, jasho linatutiririka, jaketi. Alilinunua mnadani kwao kwa sababu “alfajiri kuna ubaridi”, na ukitoka milimani kila alfajiri ina ubaridi. Sikubisha. Jaketi lilikuwa na mifuko miwili mirefu yenye zipu. Tukiwa kwenye gari nikatia pawabenki yangu kwenye mfuko wa kulia, nikafunga zipu, nikamkonyeza mtoto. Akanikonyeza naye. Nikajua nitalipia konyezo hilo.

Kijana wa mizani alitukumbuka, au alijifanya. Mtoto akapanda. Spika ikaimba. Kilo 16.9.

Mama hakupiga kelele. Alisimama pale na pochi yake kwapani, akaitazama namba hadi ilipozimika, akatoa noti ya elfu moja kwa huduma isiyofika hapo na akamwambia kijana abaki na chenji. “Mimi ndiye bibi yake,” akamweleza. Kisha akanigeukia: “Umeona? Chakula tu.” Nikasema ndiyo, mama, nikiwa nimeshika begi lake, mikono ikiwa na kazi, kama nilivyokufundisha.

Basi likaondoka. Njiani kurudi hesabu ikawa inanisumbua. Jaketi, sawa, tuseme gramu mia tatu. Pawabenki haifiki hata nusu kilo. Nilipiga hesabu mara mbili kwenye foleni ya Kimara, na kila mara nilibaki na gramu zisizo na mwenyewe. Nikajiambia basi labda ni kweli, labda makande.

Nyumbani nikamvua mtoto jaketi. Mfuko wa kulia, pawabenki yangu. Mfuko wa kushoto ulikuwa umefungwa zipu hadi juu na juu yake pini. Ndani mlikuwa na kile kinoo tulichokuwa tukikitafuta tangu Jumatano, kimefungwa kwenye leso yake, kwa fundo zuri.